Zamu ya Kulia

Zakayo Kikoti, balozi wa nyumba kumi, hakuwa na gari, wala pikipiki, wala baiskeli yenye breki mbili. Hakuwa na mke. Mungu alimchukua mapema na hakueleza sababu. Hakuwa na cheti cha chuo, maana elimu yake aliiokota jioni jioni katika darasa la watu wazima, akiwa na shati la kazi mwilini na usingizi machoni. Jino moja la mbele halikuwepo, ingawa alilipoteza kwa heshima, kwenye nyama ya harusi. Hakuwa na adui aliyemjua kwa jina. Na tangu mvua za mwaka jana hakuwa na la kulalamikia.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha.

Mtu wa Mtaa wa Kinu asiye na la kulalamikia ni kama kuku asiyechakura: ama ameshiba mno, ama anaumwa. Balozi alikaa barazani kwake akaitazama barabara. Barabara hiyo ilikuwa ikiunguruma usiku na mchana, ikitikisa vikombe kabatini na kuangusha picha ukutani. Sasa mbwa alikuwa amelala katikati ya lami, ubavu juu, kama aliyelipia chumba.

Mabubu hayakupita tena. Hayo yalikuwa malori yasiyo na dereva, marefu kama mabehewa, yaliyoteremsha shaba kutoka Zambia na kupandisha mbolea na mafuta kutoka bandarini. Watu wa Makambako waliyaita mabubu kwa sababu hayakuwa na mtu wa kujibizana naye. Zamani dereva akikukosakosa, mlitukanana mkamalizana. Bubu likikukosakosa, unabaki na tusi lako mdomoni.

Mbele ya mbwa yule watoto walikuwa wanacheza mpira. Goli lilikuwa mawe mawili juu ya lami, na golikipa alikuwa Gaudensi, mjukuu wa Balozi, mwenye umri wa miaka tisa na mkongojo kwapani. Mguu wake wa kulia ulivunjwa na bubu mbele ya mashine ya kusaga, na haukuunga sawasawa. Alikuwa akiuzuia mpira kwa mkongojo, na wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba hiyo si faulo.

"Babu, umeona hiyo?" alipiga kelele.

"Nimeona. Umedaka kama simba aliyenyimwa nyama," alijibu Balozi, na mtoto akacheka.

Balozi naye alicheka, lakini jicho lake lilirudi barabarani. Malori mengi namna ile hayayeyuki kama chumvi. Yalikuwa mahali fulani, mbele ya mlango wa mtu fulani.

*

Jumamosi palikuwa na mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa Bi. Editha Mgimwa, mama mwembamba mwenye sauti ya kukata kuni. Ajenda zilikuwa zilezile: bodaboda za umeme zinazokata kona ya zahanati bila kupunguza mwendo, taa iliyozimika karibu na kisima, na mawe yaliyorushiwa nguzo ya Msikivu.

Nguzo hizo zilisimama kila kona ya mji, nyembamba, zenye taa ndogo kichwani na sikio la waya chini yake. Mwananchi mwenye kero aliiendea nguzo, akasema. Taa ya buluu maana yake ilikuwa "nasikia." Ikiwa nyekundu, kero imeandikwa. Ikiwa kijani, hakuna tatizo. Msikivu, mtambo wenye nguzo hizo, ndio uliopanga njia za mabubu mjini, na ulizipanga kwa kupima maumivu ya wananchi. Haukuhesabu watu. Ulipima mtetemo wa sauti, pumzi inavyokatika, koo linavyokaba. Mtaa ulioumia zaidi ulipunguziwa malori.

Watu wa Kinu walilitambua hilo mapema, na aliyelitambua kwanza ni Bi. Editha. Alikuwa amemzika binti yake, Oliva, aliyegongwa wiki moja baada ya Gaudensi. Alikwenda kulia kwenye nguzo kila asubuhi, na akaona kwamba siku alizolia sana, mchana wake malori yalipungua. Ndipo akaanzisha zamu ya kulia. Kila asubuhi nyumba mbili zilipelekwa nguzoni, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka taa iwe nyekundu.

"Wiki hii ni zamu ya Mdemu na Nyalusi," alisoma Bi. Editha. "Na wewe Mdemu, safari iliyopita ulilia kama mtu anayepiga miayo."

"Mwenyekiti, sina tena cha kulilia. Malori hayapo!"

"Mkumbuke mama yako."

"Mama yangu yuko hai, yuko nyumbani anasonga ugali!"

"Basi mkumbuke kama aliyekufa. Kwani nguzo itakwenda kumhesabu?"

Watu walicheka. Balozi Kikoti alisimama, akakohoa kikohozi cha kuomba nafasi.

"Mwenyekiti, nina swali fupi. Malori yamekwenda wapi?"

Kicheko kilikatika. Watu wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

"Balozi," alisema Bi. Editha polepole, "jipu likipasuka, huulizi usaha umekwenda wapi."

"Mwenye nguo ndiye huuliza, Mwenyekiti. Usaha una mahali unapoangukia."

"Balozi ameyakumbuka mabubu yake!" alidakia Nyalusi kutoka nyuma. "Arudishiwe moja alifuge, litamwekea joto!"

Wakacheka tena, lakini kilikuwa kicheko cha meno. Bi. Editha alirudi kwenye ajenda ya mawe. Waliorusha mawe, alisema, walionekana wakirudi upande wa Ng'ambo ya reli. Pendekezo lilikuwa kujenga geti kwenye kivuko cha reli na kuweka walinzi wa ulinzi shirikishi.

"Ng'ambo ni Wangoni, watani wetu sisi Wahehe," alisema Balozi. "Mngoni hamrushii Mhehe jiwe. Humrushia maneno, na hayo yanatosha."

"Siku hizi hawarushi maneno," alijibu Mdemu kwa sauti ya chini. "Mimi nilikutana nao sokoni. Hawatanii. Wanakutazama tu."

Pendekezo la geti lilipita. Balozi hakunyoosha mkono. Bi. Editha aliuona mkono ule uliobaki mapajani, na akauandika moyoni.

*

Baada ya mkutano Balozi alipita kwa Mama Lulu, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, kutuliza koo. Mama Lulu alikuwa akinunua ulanzi wake popote ulipopatikana, kwa hiyo alijua habari za pande zote.

"Balozi, pole na msiba," alisema akimmiminia.

"Msiba gani tena?"

Mama Lulu alisimamisha kibuyu hewani. "Wa Mama Kosmas. Mke wa Mzee Ponera, mtani wako wa Ng'ambo. Hukwenda? Wamemzika Jumatatu."

Balozi aliweka kikombe chini bila kukionja. Aliona aibu kuuliza swali lililofuata, kwa sababu jibu lake lilikuwa haliwezekani.

"Walimzika... nani alichimba kaburi?"

"Wenyewe."

Huko kwao, ndugu hawachimbi kaburi peke yao wakati mtani yupo hai. Mtani ndiye huitwa kwanza. Huja akitukana tangu barabarani, hushika jembe, hulala kwenye kaburi na kusema ni lake, huanguka juu ya jeneza akilia kilio cha uongo kuliko vilio vyote, hutishia kuua mtu asipopewa jogoo. Waliofiwa hucheka hali machozi yanawatoka, na kwa njia hiyo siku ile huvukika.

Mke wa Balozi alipofariki, aliyemvusha alikuwa Mama Kosmas huyohuyo. Alikuja amevaa kitenge cha marehemu na aproni yake, akaketi kwenye kigoda chake jikoni, akaanza kumkaripia Balozi kama mkewe alivyomkaripia. "Zakayo! Hayo matope umeyatoa wapi? Nimekufa jana tu, nyumba imeshakuwa zizi!" Kisha alijigaragaza chini akilia, "Niueni nami, Wahehe mnanimaliza!" Balozi alicheka siku ile mpaka akaogopa, na baadaye ndipo akaweza kulia.

Deni la namna hiyo hulipwa kwa njia moja tu. Naye hakuitwa kulilipa.

*

Alivuka reli kwa miguu. Kabla hajafika kwenye kivuko alihisi ardhi ikitetema kwenye nyayo, mtetemo aliokuwa ameusahau, na mwili wake ukaukumbuka kabla ya akili.

Mabubu yalikuwa yamejipanga. Yalipita katikati ya Ng'ambo moja nyuma ya jingine, bila mwanya wa mtu kuvuka, yakibonyeza barabara ya changarawe mpaka imekuwa mfereji. Vumbi lilikuwa limepaka nyumba zote rangi moja. Watoto walisimama nyuma ya magunia ya mchanga kwenye vizingiti. Hapakuwa na mpira.

Mzee Bosko Ponera alikuwa uani kwake, anashona kiatu. Balozi alivuta pumzi akajaribu kama kawaida.

"Kamwene, Mngoni! Mbona mmekimbia na maiti kama babu zenu walivyokimbia kutoka kule kusini, bila kugeuza shingo?"

Kwa miaka arobaini, jibu la Ponera lilikuwa moja: "Ficheni mbwa, Mhehe amekuja na njaa!" Safari hii alisimama, akavua kofia.

"Karibu, Balozi. Kaa kiti hiki, kile kina msumari. Nikupe maji?"

Balozi hakukigusa kiti. Ponera hakuwahi kumwita kwa cheo. Hakuwahi kumpa kiti kisicho na msumari.

"Bosko, nitukane."

"Siwezi, Balozi."

"Unaweza nini basi?"

"Naweza kukupa maji." Ponera aliketi tena, akachukua kiatu chake. "Mtani ni mtu. Mtu anayekutumia kifo mpaka mlangoni ana jina lingine. Bado sijalitafuta."

"Nani kakutumia?"

"Mnalia kila asubuhi. Tunawasikia kutoka huku, mnalia kwa zamu kama watu wa kwaya. Mkimaliza kulia, yanakuja. Mama Kosmas alikuwa ametoka sokoni na debe la maharage. Alisubiri mwanya mpaka akachoka. Alipoona mwanya, haukuwa mwanya." Alipitisha sindano kwenye ngozi, akaivuta. "Nikasema, Wahehe tuwaite waje wacheke nini?"

Balozi alisema, kwa upole wa mtu anayekanyaga sakafu asiyoijua, "Nanyi mna nguzo, Bosko. Kwa nini hamlalamiki?"

Ponera alimtazama muda mrefu, kama anayepima kama swali lile ni ujinga au ni ujanja. Alikata uzi kwa meno.

"Twende ukaone."

Nguzo ya Ng'ambo ilisimama pembeni mwa kanisa. Ponera aliikaribia, na taa yake ikawa buluu.

"Msikivu, mimi ni Bosko Ponera. Wahehe, hao wala-mbwa wa Mtaa wa Kinu, wametusukumia malori yao. Wamemuua mke wangu. Njooni muwazuie kabla hawajatumaliza."

Hakukuwa na kicheko popote katika sauti ile. Ilipanda mwishoni ikakatika, kama kamba ya kisima. Taa ikasita. Ikawa kijani.

"Asante, Mzee Ponera," ilisema nguzo kwa sauti ya binti mwenye adabu. "Utani wenu ni hazina yetu sote. Siku njema."

Balozi alishika ukuta wa kanisa.

"Sema tena," alisema. "Usitutaje sisi. Sema malori tu."

"Msikivu, malori yanatuua. Mke wangu amekufa." Ponera alisema, na safari hii alilia kweli, mwanamume mzima, mbele ya kanisa, mbele ya mtu aliyemshuku.

Kijani. "Siku njema, Mzee Ponera."

"Kila mtu huku hujibiwa hivyo," alisema Ponera akijifuta na kofia. "Vijana ndio wakaanza kuzirushia mawe zile za kwenu. Sasa nieleze, Balozi. Nani alikiambia chuma hiki kwamba Mngoni akilia, anacheza?"

Balozi alikuwa anamjua.

*

Miaka michache iliyopita, nguzo zilipokuwa mpya, zilisikia utani kwenye mazishi pale Kinu na zikadhani ni mauaji. Polisi walikuja wakamkamata mtani mmoja ndani ya kaburi, akiwa na jembe mkononi, anaapa kuua watu wanane. Mji mzima uliaibika. Ndipo Kituo cha Msikivu kilipotafuta mzee anayejua mila aje kuifundisha mashine, na wakamchagua Zakayo Kikoti. Alikaa na Mhandisi Kokushubila juma zima, akamchezea sauti za misiba, moja moja, akisema: hiki ni kilio cha utani, puuza, hiki ni kilio cha mfiwa, sikia. Kwa mtu aliyesoma jioni jioni, kuitwa mwalimu wa mashine lilikuwa jambo kubwa. Walimpa cheti. Kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwake, cheti pekee cha maisha yake.

Jumatatu alimpigia Mhandisi. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha simu, mchangamfu, nywele zimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mama. Nieleze. Mashine ilijifunza maneno, au ilijifunza nini?"

"Maneno hayana msaada, Mzee wangu. Matusi ya utani na matusi ya ugomvi ni yaleyale. Ilijifunza sauti. Jinsi inavyopanda, inapokatika, lafudhi ya msemaji. Sauti za watani ulizotuletea karibu zote zilikuwa za watu wa Ng'ambo, wakilia kwenye misiba ya Kinu. Iliyo bora kuliko zote ni ya yule mama, anayejigaragaza akisema niueni nami. Hiyo ndiyo tuliyoifanya kipimo."

"Mama Kosmas."

"Huyo huyo. Ana kipaji kweli. Hajambo?"

Balozi alimweleza. Uso wa Mhandisi ulibadilika, na kwa kitambo alitazama pembeni, kule kulikokuwa na mitambo yake.

"Kwa hiyo mtu wa Ng'ambo akilia..." alianza.

"Anapimwa kwa kilio cha Mama Kosmas, anaambiwa siku njema. Na Mhehe wa Kinu akilia kwa zamu, akimkumbuka mama yake aliye hai, anaandikwa kwa taa nyekundu. Irekebishe, mwanangu."

"Siwezi kuigusa." Alisema kwa unyonge. "Sheria ya masomo ya mashine. Somo lililotolewa na mtu haliondolewi na mwingine. Ni mpaka mwenyewe aandike barua kwa mkono wake, aitie lakiri ya nta na muhuri wake, na ifunguliwe na mtu huku Dodoma, siyo na mashine. Waliweka hivyo baada ya mashine kuanza kusahihishana zenyewe. Nyumba kumi zilikuthibitisha, Mzee. Ni wewe tu."

"Nikiandika?"

"Somo lote linafutwa. Siwezi kutoa nusu. Utani mtaufanyia mbali na nguzo, la sivyo polisi watakuja tena. Na malori..." Alisita. "Mzee wangu, malori hayaongezeki wala hayapungui. Njia ni mbili tu. Wakianza kusikika wao, yatagawanywa. Yatapita kwenu tena."

"Mchana?"

"Mchana na usiku."

"Na zile sauti?"

"Somo likifutwa, zinafutwa nazo. Pole."

*

Bi. Editha hakupiga hodi. Aliingia akakuta Balozi ameshusha cheti ukutani, amekilaza mezani kifudifudi, na karatasi nyeupe mbele yake.

"Umeonekana Ng'ambo," alisema.

"Nimekwenda kutoa pole."

"Umeonekana kwenye nguzo yao. Na leo umezungumza na Kituo. Balozi, watu wanasema wamekununua."

"Kwa bei gani? Ningependa kujua thamani yangu."

"Usinitanie. Mimi si Mngoni." Alivuta kiti akaketi, na sauti yake ikashuka. "Unataka kuyarudisha."

Balozi alimweleza yote, tangu nguzo ya kanisani mpaka sauti ya Mama Kosmas. Alipomaliza, Bi. Editha alitazama dirishani. Nje mpira ulikuwa ukigonga lami, na watoto walikuwa wakibishana kama ni goli au si goli.

"Nilimzika Oliva," alisema. "Nilikwenda kwenye ile nguzo peke yangu, hakuna aliyenisindikiza. Hata wewe. Nililia mpaka nikajifunza kulia. Nikawafundisha watu wangu. Sikumwibia mtu. Wao nao wajifunze."

"Wanalia, Editha. Wanalia kuliko sisi, na wanalia kweli. Ni sikio ndilo lililofundishwa lisiwasikie. Nilifundisha mimi."

"Hukukusudia."

"Mpaka Jumamosi sikukusudia. Nikinyamaza leo, nimekusudia."

"Wape watu wa Kituo mwezi mmoja! Watafute njia nyingine, tupeleke wajumbe wilayani, tudai barabara ya mchepuko..."

"Wajumbe tutapeleka, wa mitaa yote miwili. Lakini mwezi huo mmoja utapita juu ya nani?"

Bi. Editha aliinuka. Alinyoosha kidole dirishani.

"Mtazame yule mtoto, Zakayo. Ana mguu mmoja wa kukimbilia. Bubu la kwanza likirudi hapa, usinitafute nije kulia na wewe. Machozi yangu ya zamu nimeyamaliza."

Balozi alitazama. Gaudensi alikuwa ameegemea mkongojo kati ya mawe yake mawili, amekunja uso, anamsubiri mpigaji wa penalti kama mtu anayelinda benki. Balozi aliutazama ule mguu kwa muda. Alijua mfupa wake ulipovunjikia. Alikuwa ameushika mwenyewe njiani kwenda hospitali.

Bi. Editha alisubiri, kisha akatoka. Geti la uani lilijigonga nyuma yake.

Ndipo Balozi akaandika. Aliandika kwa mwandiko wa darasa la jioni, herufi zilizosimama wima kama watoto kwenye mstari: kwamba yeye, Zakayo Kikoti, anaondoa somo alilolitoa, kwamba kilio cha watu wa Ng'ambo ni kilio, kwamba mashine iwasikie kama inavyowasikia wengine. Alitaka kueleza zaidi, jinsi Mama Kosmas alivyokaa kwenye kile kigoda, akaona kwamba mfunguaji wa barua hatahitaji hilo. Alikunja karatasi.

Kabla ya kuitia lakiri alitoka barabarani.

"Mpira umekwisha," aliwaambia watoto.

"Babu! Bado hatujafungana!"

"Mtafungania uwanja wa shule. Kuanzia leo hakuna anayekanyaga lami hii bila kutazama pande zote. Nimesema."

"Lakini mabubu hayapo," alisema Gaudensi.

Balozi aliinama, akainua jiwe la kwanza la goli, akalipeleka mpaka ukutani. Akarudi, akainua la pili. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na hakumruhusu mtoto yeyote kumsaidia. Balozi mwenyewe alimfukuza yule mbwa kwa fimbo, naye mbwa akaondoka akigeuka nyuma kila hatua kama mpangaji aliyedhulumiwa.

"Babu," Gaudensi alisema taratibu, akimsoma usoni. "Yanarudi?"

"Mengine. Nusu."

"Nani kayaita?"

Kulikuwa na njia nyingi za kujibu, na mtaa mzima ulikuwa umeshazoea kuzitumia.

"Mimi," alisema Balozi.

Mtoto aliweka mkongojo wake sawa kwapani, akasogea kutoka kwenye lami mpaka kwenye majani, hatua moja, na kutoka pale akaendelea kumtazama babu yake.

Posta ya Makambako ilikuwa na dirisha moja tu lililobaki na mtu. Karani aliyekuwa pale alishangaa kuombwa lakiri. Ilimbidi aitafute kwenye droo ya chini kabisa. Waliiyeyusha kwa kiberiti. Tone jekundu lilianguka juu ya mkunjo wa bahasha, na Balozi akagandamiza muhuri wake wa nyumba kumi, akahesabu pumzi zake mpaka lilipopoa.

Alipogeuka alimwona Ponera mlangoni, kofia mkononi. Habari zilikuwa zimeshavuka reli. Ponera alitazama bahasha, akatazama juu, kwenye nguzo iliyokuwa nje ya posta, na akamvuta Balozi ndani kidogo, mbali na lile sikio la waya.

"Mla mbwa wewe," alimnong'oneza, na sauti yake ilipanda mwishoni ikakatika.

Balozi alimpa karani bahasha.

"Ya kawaida au rejesta?" aliuliza karani.

"Rejesta. Isipotee."

Karani aliipiga muhuri wa tarehe, akaidondosha kwenye mfuko wa barua za Dodoma, akakaza kamba. Nje gari la posta lilikuwa tayari linanguruma.